Kichafuzi

Kichafuzi (wingi: vichafuzi) ni kitu kinachochafua maji, hewa au udongo. Mzizi ni chafua, ulioleta pia uchafuzi, yaani kitendo chenyewe. Vichafuzi vidogo ni mabaki ya dawa za hospitali, viuatilifu, sabuni na vipodozi. Udogo unaotajwa hapa ni wa kiwango, wala si wa umbo: hupimwa kwa mikrogramu, sehemu ya milioni ya gramu, katika lita nzima ya maji. Kwa hiyo vichafuzi vya kiwango kidogo ni jina sahihi zaidi, ingawa refu.

Chukua mfano wa Mto Gucha: huanzia nyanda za juu za Nyamira, ukapita Kisii na Migori hadi Ziwa Viktoria. Mashamba ya miteremkoni ni membamba na yamebanana; dawa iliyonyunyizwa kwenye mahindi asubuhi huweza kuwa kijitoni mvua ya alasiri ikishanyesha. Choo cha shimo kilicho juu ya chemchemi hupenyeza mabaki ya vidonge udongoni. Sulfamethoksazoli, dawa iliyomo katika vidonge vya Septrin, imepatikana katika mito ya Nairobi na Kisumu. Mabwawa ya majitaka hayakubuniwa kuiondoa.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini vichafuzi vingi vya aina hii hubaki sufuriani. Maji maangavu ya chemchemi huitwa safi kwa mazoea. Neno salama lingojee vipimo vya maabara.