Kura na Ujira wa Saa Moja na Nusu

Siku ya uchaguzi ya Marekani ilipangwa kwa kufuata maisha ya mkulima. Mwaka 1845 Bunge la nchi hiyo liliamua iwe Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba: mavuno yamekwisha, na mtu wa shamba anaweza kusafiri hadi mjini bila kuvunja Jumapili yake. Viwanda vilipojaa watu, Jumanne hiyo ikawa siku ya zamu, lakini haikuhamishwa. Ndipo majimbo kadhaa, Missouri likiwamo, yakatunga sheria za kumruhusu mfanyakazi atoke akapige kura. Missouri ilimpa saa nne, tena ikakataza asikatwe ujira. Katazo hilo la mwisho ndilo uti wa mgongo wa haki yenyewe, kwa sababu ruhusa isiyo na malipo humtoza mnyonge ada ya kupiga kura.

Ushahidi ni kesi ya kampuni ya Day-Brite Lighting. Novemba 5, 1946, wafanyakazi wake waliruhusiwa kutoka saa 9 alasiri badala ya saa 10:30, ili wapate saa nne kabla vituo havijafungwa saa 1 usiku. Mmoja wao hakulipwa saa moja na nusu aliyokosa kazini. Kampuni ikashtakiwa, ikapatikana na hatia, na mwaka 1952 rufaa yake ikagonga mwamba katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Jaji William Douglas aliandika kwamba jimbo lina mamlaka ya kuondoa adhabu inayompata mtu kwa kutumia haki yake ya kura. Jaji Robert Jackson alipinga: kwa nini mzigo wa mpiga kura abebeshwe mtu mwingine, eti kwa kuwa tu ndiye mwajiri wake? Tena kura yenyewe huchukua dakika chache.

Hoja ya Jackson ni nzito, na haifai kupuuzwa. Lakini mwajiri ndiye aliyeshika saa za mtu huyo, na biashara yake inalindwa na serikali inayotokana na kura hizohizo. Dakika chache za kwenye sanduku nazo hazihesabu njia wala foleni.

Wengine watasema dawa ni sikukuu, kama tunavyofanya huku kwetu. Tanzania, iliyozoea kupiga kura Jumapili, ilitangaza mapumziko Jumatano ya Oktoba 28, 2020. Kenya ilifanya hivyo Agosti 9, 2022. Ni hatua njema, ila mlinzi, muuguzi na mhudumu wa hoteli huwa kazini hata sikukuu. Kenya iliona pengo hilo: sheria yake ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamtaka mwajiri ampe mpiga kura muda wa kutosha bila kumkata mshahara. Hata hivyo, mlinzi wa Nairobi aliyejiandikisha kwao Busia hawezi kwenda na kurudi kwa saa mbili tatu, na muda wa kutosha kwake ni siku nzima au zaidi.