Nani Alikesha Pegasus Ikilala?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika huku kwetu kusini kwa kishindo mwaka 1917, na Oktoba ile damu nyingi ilimwagika Mahiwa. Sisi wa Nandagala, mbali na pwani, tunavikumbuka kama vita vya porini. Lakini ndani yake walikuwemo mabaharia wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Habari yao inaanzia Zanzibar, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914.

Manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga bandarini ili boila na mitambo yake ishughulikiwe. Ilikuwa meli ya miaka ya 1890, imeshachoka. Wenzake, Astraea na Hyacinth, walishapelekwa kwingine. Saa kumi na moja na ushei Königsberg ikatokea, ikapiga kutoka mbali, mizinga ya Pegasus isikoweza kufika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Makaburi yako kisiwani Chapwani.

Eti walilala! Ni rahisi kusema hivyo. Waingereza waliujua usingizi vizuri. Waligawa siku kwa zamu za saa nne nne, na ya jioni wakaikata vipande viwili vya saa mbili mbili, ili aliyekesha usiku wa manane leo, kesho asiangukie saa ile ile. Ila zamu humpumzisha mtu tu. Boila zikiwa zimepoa, hata mabaharia wote wakitoa macho, meli haiondoki. Ikipumzika meli moja, lazima nyingine ikeshe. Pale mlangoni iliachwa boti ndogo ya doria, Helmuth, na onyo halikufika kwa wakati. Lawama hapo si ya mlinzi aliyekuwa zamu, ni ya waliopanga.

Königsberg nayo ilichoka. Mitambo ikaharibika, ikajificha delta ya Rufiji. Vipuri vikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Miezi ikapita kwenye joto na malaria, adui akiwa amefunga njia ya bahari, hadi ilipoangamia tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaanza safari ya bara.

Na nani aliikokota? Wapagazi Waafrika. Katika vita ile, pande zote mbili, wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa uchovu, njaa na maradhi. Baharia alikuwa na kengele ya kumwambia zamu yako imekwisha, nenda kalale. Mpagazi hakuwa nayo.