Gobori la Urithi na Umri Wake

Gobori, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ni urithi ambao umri wake hukosewa kwa urahisi, kwa kuwa umbo la silaha na mwaka ilipotengenezwa ni mambo mawili tofauti. Kwa mpangilio wa mitambo, bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, ilitangulia. Ikafuata gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Kisha katika karne ya 19 ikaenea ya fataki, kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa.

Biashara, hata hivyo, haikuufuata mpangilio huo. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulizuia silaha za kisasa kuingizwa Afrika kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, lakini uliacha mwanya kwa gumegume za mitutu laini, isiyochongwa mifuo ya kuizungusha risasi, na hivyo mafundi wa Ulaya, hasa wa Liège nchini Ubelgiji, wakaendelea kuliuzia bara hili bunduki ambazo majeshi yao yalikuwa yameziacha zaidi ya miaka 40 nyuma.

Ushahidi, basi, husomwa kwenye chuma chenyewe. Mhuri wa majaribio wa Liège, duaradufu yenye herufi ELG na nyota, uliongezewa taji juu yake mwaka 1893, kwa hiyo mtutu wenye taji hilo haukusafiri na misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyekwisha kurejea Unguja kabla ya hapo, hata kama ukoo unasimulia vingine. Neno TOWER kwenye bamba la mtambo huashiria Uingereza, ingawa watengenezaji wa bunduki za biashara waliliiga bila haya. Maandishi I.G.Mod.71, kwa herufi za Kigothi, si ya gobori hata kidogo: hiyo ni Mauser ya Kijerumani ya milimita 11, inayopakiwa risasi moja moja kwa nyuma, iliyokuwa bado mikononi mwa askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, na ambayo moshi wake mzito ulimfichua kila aliyeifyatua.

Mrithi asiisugue silaha kwa msasa, unaofuta mihuri, wala asijaribu kuifyatua, kwani baruti iliyoshindiliwa zamani huenda bado imo mtutuni. Atoe kwanza taarifa polisi, maana nchini Tanzania silaha ya urithi nayo huhitaji leseni.