Saa ya Ng'ambo

Niliteremka Mbamba Bay kutoka Mbinga kwa kazi ndogo. Kompyuta ya steshenari moja, kila ikiwashwa asubuhi, inarudi mwaka 2009. Ugonjwa huo naujua. Nilifungua kasha nikaitoa betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032, nikaipima: volti 2.1 badala ya 3. Hiyo ndiyo hulisha saa ya ndani umeme ukikatika. Nikaweka mpya, mama mwenye duka akanisomea saa kwenye simu yake, nikaiandika.

Kesho yake akapiga: "Fundi, saa iko nyuma tena." Safari hii haikuwa miaka, ni saa moja kamili. Kumbe simu yake, iliyoachiwa ijipangie saa yenyewe, ilikuwa imenasa mtandao wa Malawi. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wako saa mbili mbele ya Greenwich, sisi tatu.

Mwambao huu umezoea kuletewa wakati kutoka mbali, na zamani ulichelewa sana. Uingereza iliingia vitani na Ujerumani Agosti 4, 1914. Huku Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, habari ilikuwa haijafika. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Agosti 13 Kapteni Rhoades, Mwingereza, akatokea na meli yake Gwendolen, akaipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba Kapteni Berndt wa meli ya Wajerumani, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, alimwendea kwa mtumbwi akifoka, akimuuliza kama amelewa. Siku tisa za vita, na yeye bado alikuwa anaishi katika amani. Nikipita Liuli humfikiria yule mtu ndani ya mtumbwi, na namhurumia.

Jua nalo lina hesabu yake. Mbamba Bay iko karibu nyuzi 34.8 mashariki, na kila nyuzi ni dakika 4 mbele ya Greenwich. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua hufika utosini kama saa sita na dakika 41 mchana. Kwa saa ya Malawi ingekuwa saa tano na dakika 41. Simu ya mama ilikosea kisheria, lakini ilikuwa karibu na jua letu kuliko saa yangu.

Nilirudi, nikazima kule kujipangia, nikachagua saa za Afrika Mashariki kwenye simu na kompyuta. Ilikuwa Februari. Nilipotoka nje kompyuta ikionyesha saa sita kamili, kivuli changu kilikuwa bado kimeelekea ziwani.