Hereni za Jangwani, Shanga za Ziwani

Kitabu cha Kutoka kina habari mbili za michango ya vito, na zote zinawahusu watu walewale. Waisraeli walipoondoka Misri waliomba kwa jirani zao vyombo vya fedha na vya dhahabu, wakatoka navyo. Katika sura ya 32 Haruni anawaagiza wavue hereni zilizo masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao, na kwa dhahabu hiyo anawatengenezea ndama. Sura tatu baadaye Musa anaomba mchango wa kujenga Hema, lakini anauomba kwa kila mtu ambaye moyo wake unapenda kutoa. Wanaume kwa wanawake wanaleta hereni, pete na vikuku, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mafundi wanamwendea Musa kumwambia kwamba vimezidi. Musa anatangaza kambini kote kwamba watu waache kuleta. Kisha, katika sura ya 38, hesabu inasomwa: talanta 29 na shekeli 730 za dhahabu, na kila kazi iliyofanyika kwa madini yale inatajwa.

Tunazirudia habari hizi kwa sababu zinatugusa sisi wa Mwanza na wa kandokando ya ziwa. Tunaishi jirani na dhahabu ya Geita. Katika nyumba nyingi za mjini, ndani ya kabati au chini ya nguo za sanduku, ipo pete isiyoingia tena kidoleni, hereni iliyopotewa na mwenzake, mkufu uliokatika. Waumini wanauliza kama vitu hivyo visingeweza kumsaidia yatima au kumlipia mgonjwa asiye na ndugu. Wakati huohuo, wapo waliohudhuria mikutano ambamo watu walihimizwa kuvua pete na saa na kuziweka jukwaani kama mbegu ya muujiza, na hakuna aliyewaambia baadaye vitu hivyo viliishia wapi. Kwa hiyo ni vema tutazame nyuma. Pwani hii ya ziwa ina historia ndefu ya mapambo yaliyotolewa, yaliyokataliwa na yaliyonunua watu.

Karne ya 19, kabla ya sarafu kuenea huku, mapambo ndiyo yaliyokuwa fedha. Misafara kutoka pwani ya bahari ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Nyaya ziligeuzwa vikuku vya mikononi na miguuni. Magamba ya konokono wa baharini yalikatwa yakawa vibangwa, pambo la heshima la watemi. Lakini shanga haikuwa na thamani ileile kila mahali. John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kutoka Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alikuja na shanga nyeupe, na watu wa njia ile walizitaka za rangi. Mzigo wake ulikuwa mzima, lakini haukumfaa sana sokoni. Pambo lina thamani pale tu linapopata mtu wa kulitaka.

Shanga hizohizo, pamoja na nguo na shaba, zilitumika pia kununua watu. Wamisionari waliofika ziwani waliikuta biashara hiyo ikiendelea. Kundi la kwanza la chama cha Kianglikana cha CMS lilifika Kageye, katika Magu ya leo, mwaka 1877. Safari yao ilianza kwa barua ya Stanley iliyochapwa gazetini London mnamo Novemba 1875. Siku chache baada ya barua hiyo, mtu mmoja aliyekataa jina lake lisijulikane alitoa pauni 5,000 za kuanzishia kazi hiyo. Mali nyingi kiasi kile ilitoka bila jina, bila jukwaa na bila makofi.

Mapadre wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, waliondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, wakavuka ziwa kuja kusini pamoja na watoto yatima waliokuwa nao. Mwaka 1883 walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, ambako walipokea na kulea watoto waliokombolewa utumwani. Fidia ilibidi ilipwe kwa mali iliyokubalika njiani, yaani nguo, shanga na nyaya. Kwa mali ileile mtoto aliuzwa na kwa mali ileile akakombolewa. Wema huo ulikuwa na hatari yake, kwa sababu anayemlipa muuzaji wa watu, hata kwa nia njema, anaweza kumfanya aende kuteka wengine. Hata hivyo mtoto aliyesimama mbele ya padre hakuwa na muda wa kusubiri mjadala huo umalizike.

Kanisa lilikuwa limekwisha kukutana na jambo hilo zamani. Katika karne ya 4, Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa lake ili kuwakomboa mateka wa vita. Wapinzani wake walimlaumu kwa kuharibu vitu vya Mungu. Alijitetea kwamba Kanisa lina dhahabu kwa ajili ya kuwasaidia wahitaji, si kwa ajili ya kuiweka, na kwamba kuokoa roho za watu ni bora kuliko kuhifadhi dhahabu. Tunaposimama Bukumbi leo tunaona hoja hiyohiyo ikiwa imeandikwa kwa shanga badala ya vikombe vya altare.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre wa Afrika, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika. Miaka miwili baadaye Papa Leo XIII aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, makanisa yakusanye sadaka kwa ajili ya kazi hiyo. Siku ilifaa, maana ndiyo tunayowakumbuka mamajusi walioleta dhahabu, uvumba na manemane. Wanaosali katika Kanisa Kuu la Bugando, linaloitwa Epifania, wana sababu ya kulikumbuka agizo hilo. Mamajusi walitoa hazina zao kwa mtoto wa familia maskini, ambaye muda mfupi baadaye ilibidi akimbiziwe nchi ya ugenini.

Upande wa pili wa ziwa, huko Buganda, sadaka za Wakristo wa kwanza zililetwa kwa simbi, yaani kauri, magamba madogo yaliyotungwa kwenye kamba na kuhesabiwa kwa mamia. Mpaka leo Waganda wanaita fedha ensimbi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliacha kuzipokea kauri kwa kodi, na rupia zikachukua nafasi yake. Kauri zilirudi kuwa pambo tu. Wale waliokuwa wamezitoa kanisani mapema walikuwa wamekwisha kujengewa nyumba ya ibada, na wale waliozifungia vyunguni walibaki na magamba. Hatusemi hivi kumcheka yeyote. Tunasema kwamba mali inayosubiri mno inaweza kukosa siku yake, na hilo Yesu alilifundisha aliposema juu ya nondo na kutu.

Ipo pia habari ya mapambo ambayo hayakutakiwa kwa sababu nyingine. Katika sehemu nyingi za Usukuma, mtu aliyebatizwa alitarajiwa kuacha hirizi, na mara nyingi vikuku, shanga na vibangwa vya mababu viliwekwa katika fungu hilohilo. Vingine vilichomwa, vingine vilitupwa, vingine viliuzwa kwa wageni. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Québec nchini Kanada, aliliona jambo hili kwa macho tofauti. Huko Bujora, Kisesa, alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na pembeni yake ikakua makumbusho ya Wasukuma, ambamo ngoma za kitemi, vyombo na mapambo ya wazee vinatunzwa hadi leo. Vitu ambavyo wengine waliviona takataka za upagani, yeye aliviona kuwa kumbukumbu ya watu ambao Mungu aliwajua kabla ya mmisionari yeyote kufika. Tukikusanya vito vya zamani leo, Bujora inatukumbusha kwamba kuna vingine ambavyo mizani ya sonara haiwezi kuvipima.

Hatuwezi kusema kwamba mchango wa vito umekuwa mtakatifu kila mara ulipobarikiwa. Tarehe 18 Desemba 1935, wakati majeshi ya Mussolini yalikuwa yakiishambulia Ethiopia, wanawake wa Italia waliitwa kutoa pete zao za ndoa kwa taifa. Malkia Elena alitoa yake Roma, wa kwanza kati ya wengi. Waliotoa dhahabu walipewa pete za chuma. Siku hiyo iliitwa Siku ya Fede, neno ambalo kwa Kiitaliano ni imani na pia ni pete ya ndoa. Maaskofu kadhaa walitoa misalaba yao ya kifuani. Dhahabu ile ilikusanywa kwa ajili ya vita dhidi ya Waafrika wenzetu, Wakristo wa moja ya makanisa ya kale kuliko yote duniani. Sala zilisomwa, machozi yalitoka, na bila shaka wajane wengi walitoa kwa moyo safi. Lakini kilichosimama mwishoni kilikuwa ndama.

Karibu miaka miwili kabla ya hapo, Januari 1934, Gandhi alikuwa akizunguka kusini mwa India kukusanya fedha za kuwasaidia watu walioitwa wasiogusika. Mji wa Vadakara, msichana mmoja, Kaumudi, alivua bangili zake akampa, kisha mkufu, kisha hereni. Gandhi hakuzipokea upesi. Alimwuliza kama ana ruhusa ya wazazi, na kama yuko tayari kutodai vingine badala yake. Ni mkusanyaji wa namna gani anayemzuia mtoaji kwa maswali? Ni yule anayejua kwamba mtoaji ni wa thamani kuliko kitolewacho.

Jirani zetu Waismailia nao wana habari yao. Tarehe 10 Agosti 1946, Dar es Salaam, Aga Khan III alipimwa kwa almasi kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Almasi zilikuwa za kuazima. Jumuiya ilichanga fedha zinazolingana na thamani yake, na fedha hizo zikaingizwa katika mfuko wa kuwakopesha na kuwaendeleza watu wake. Sherehe ilikwisha siku ileile, lakini mfuko uliendelea na kazi.

Na sisi wa Mwanza tunao ushahidi wetu mlimani. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada mkubwa wa Misereor, mfuko ambao Wakatoliki wa Ujerumani wanauchangia kwa kujinyima wakati wa Kwaresima. Huko huko Ujerumani wagonjwa wengi humwachia daktari wa meno dhahabu ya meno yao ya zamani ili iyeyushwe kwa kazi za hisani. Chama cha hisani cha madaktari hao, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimeendesha miradi mingi kwa njia hiyo. Jino lililong'olewa ni kitu kisichotakiwa kweli kweli. Hata hivyo, likipita katika mikono ya uaminifu, linakuwa dawa.

Kwa hiyo parokia au usharika unaotaka kukusanya vito usione haya. Lakini usome kwanza Kutoka 35 mpaka 38, na ufuate mambo matatu yaliyomo.

La kwanza ni hiari. Pete ya mjane isiombwe mbele ya watu, wala mke asitoe mkufu ambao familia haijaukubali, wala kijana asiahidiwe gari kwa sababu ya hereni. Aliyetoa kwa kushawishiwa usiku mara nyingi hujuta asubuhi, na majuto yake huishia kwa Mungu badala ya kwa mhubiri.

La pili ni hesabu. Kila kitu kipimwe mbele ya mashahidi, kiandikwe kwa gramu na karati, na kiuzwe kwa sonara mwenye leseni. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu halisi. Aliyeitoa ana haki ya kujua hilo, na kujua pia kama kito chake kilikuwa cha bandia, kwa faragha na bila kuaibishwa. Kilicho cha mababu kipelekwe kwanza kwa wazee, au Bujora, kabla hakijaguswa na moto. Kisha hesabu isomwe kanisani kama ilivyosomwa ile ya talanta 29.

La tatu ndilo gumu kuliko yote: kusema kwamba imetosha. Kama lengo ni vitanda 10 vya zahanati, vitanda 10 vikipatikana sanduku lifungwe. Musa aliwazuia watu wasilete zaidi, na hilo ndilo lililomtofautisha na Haruni. Hema lilikuwa na vipimo, kwa hiyo lingeweza kukamilika. Tamaa haina vipimo, na hakuna hereni za kutosha kuishibisha.

Tukiyashika hayo, pete iliyokaa sandukuni miaka 20 inaweza kutoka kwa heshima. Mwenye nayo atajua jina la zahanati ilikokwenda, na anaweza siku moja kupita hapo, akaona kitanda, akaendelea na safari yake bila kumwambia mtu.