Dawa ya fangasi wa ngozi: Kabla hujapaka, geuza boksi usome

Umetokwa na kiduara kinachowasha pajani au shingoni, kingo zimeinuka, katikati kama pamepona. Ni kile wazee wanakiita choa. Wengi tunakimbilia duka la dawa, tunasema "nipe ya fangasi", tunapewa tyubu, tunapaka. Siku ya tatu muwasho umeisha. Baada ya wiki chache umerudi, na safari hii umesambaa.

Mara nyingi tatizo ni tyubu yenyewe. Kuna krimu za mchanganyiko ambazo, pamoja na dawa ya fangasi, zina steroidi. Ukiona kwenye boksi pameandikwa betamethasone, clobetasol au dexamethasone, ndiyo hizo. Steroidi inatuliza muwasho haraka, ndiyo maana watu wanaisifia, lakini inashusha kinga ya ngozi mahali hapo na fangasi wanaendelea kukua kimyakimya. Ukizoea kuipaka, ngozi inakuwa nyembamba na kuota michirizi isiyofutika, hasa kwapani na kwenye kinena. Usoni, au kwa mtoto, usithubutu bila daktari.

Kwa choa cha kawaida mwilini, clotrimazole tupu inatosha kabisa, na bei yake si kubwa. Osha, kausha vizuri, paka kidogo mara 2 au 3 kwa siku, uvuke kingo za kiduara. Muwasho ukiisha usiache! Endelea wiki 2 zaidi baada ya ngozi kuonekana safi; hapa ndipo wengi tunapojiharibia. Umepaka wiki 4 na hakuna mabadiliko? Nenda ukapimwe, huenda hata si fangasi.

Mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Fangasi wameingia ndani ya unywele, krimu peke yake haiwatoi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, dozi kulingana na uzito wake, ameze pamoja na chakula chenye mafuta.

Vidonge usinunue kwa kubahatisha. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa onyo juu ya vidonge vya ketoconazole kwa sababu vinaweza kuharibu ini. Fluconazole nayo inagongana na dawa kadhaa, ikiwemo warfarin. Kama ni mjamzito, una ugonjwa wa ini au una dawa unazomeza kila siku, sema kabla hujapewa chochote.

Na ukiwa kwenye vidonge ukaona macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.