Panya, Dari na Tauni
Wazee wa milima ya Usambara walihifadhi mahindi darini, juu ya meko, ili moshi uyakinge na wadudu. Ilikuwa hekima, lakini nafaka iliyolazwa ndani iliwaita panya nao waje kulala humo. Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto, ikarudi kuua miaka mingi iliyofuata. Tangu 1898, huko Karachi, tabibu Mfaransa Paul-Louis Simond alikwisha kuonyesha njia yake: mzoga wa panya upoapo, viroboto huuhama wakamtafuta binadamu, hasa alalaye sakafuni. Kwa hiyo viroboto huangamizwa kwanza, ndipo mitego itegwe, na ghala lijengwe nje. Hata paka, tumsifuye mno, huweza kuileta tauni nyumbani.